Kitambi Si Mimba

Sogea kidogo jirani, nipate pa kuunyoosha huu mguu. Usiuguse. Kila anayefika hapa kwa Mangi lazima aligonge hili hogo kama ananunua tikiti maji. Ndiyo, nilianguka. Hapana, sikupigwa na mke wangu. Nimechoka kulieleza hilo.

Nilianguka uani, alfajiri, naelekea chooni na ndoo yangu. Nani alimwaga maji ya sabuni? Hakuna. Nyumba nzima ya wapangaji, siku hiyo hakuna aliyewahi kufua tangu azaliwe. Kifundo kikageukia upande ambao vifundo haviendi. Na mwilini nina khanga ya Mama Chau tu, maana ndiyo iliyokuwa karibu na kitanda. Imeandikwa NUNENI NYIE MIMI SIKONDI. Nimezunguka nayo mji mzima siku ile, maandishi yamekaa sawia juu ya kitambi, na sikukutana na mtu asiyejua kusoma.

Kikao kikakaliwa juu yangu nikiwa bado kwenye povu. Huyu anasema bajaji, yule anasema nikandwe kwanza. Mangi ndiye akaja na la maana: pigeni 115, gari linakuja bure. Na kweli hakutudanganya. Mfumo wa m-mama upo, ulianzia huko Kanda ya Ziwa, mwaka 2022 ukazinduliwa uende nchi nzima. Unapiga bila salio. Gari la wagonjwa likikosekana, anatumwa dereva wa jirani aliyesajiliwa, na chake anatumiwa kwenye simu. Mgonjwa hatoi hata mia. Nikasema kumbe nchi hii ina mambo mazuri, na mimi nipo tu naangukaanguka bila kujua.

Mama mwenye nyumba akanikata. "Hiyo ya wajawazito, waliojifungua na vichanga. Baba Chau yumo wapi hapo?"

Ua wote ukanyamaza. Wakaniangalia tumboni. Kuna watu niliwaona kabisa wanapiga hesabu. Hata mimi nilipiga.

Basi, bajaji mpaka zahanati moja ya binafsi, sitaitaja, bado wananidai. Nesi akaniuliza nimeanguka au nimepigwa, kwa sababu kama nimepigwa, habari ya PF3 ya polisi inaingia. Nikasema nimeteleza. Akamwangalia Mama Chau, aliyesimama pembeni kashika kiuno. Akarudi kwangu, akashusha sauti: "Baba, hapa uko salama." Nikarudia, nimeteleza! Akaandika. Sasa "nimeteleza" ni maneno mangapi? Yeye alijaza mistari mitatu.

Eksirei mbovu. Nikaandikiwa rufaa niende hospitali kubwa ya serikali, na nikaambiwa nitapelekwa na ambulensi yao. Jirani, sikufichi, nilifurahi. Mjini hapa mtu unafika hospitali kwa bajaji, ukizidiwa sana unakodiwa teksi. Ambulensi tunaisikia inapita na watu wengine. Bei sikuuliza. Utaulizaje bei gari lina msalaba mwekundu mlangoni? Mimi nilijua vya msalaba vyote ni msaada.

Wasindikizaji wakajaa. Mama Chau. Shemeji yangu. Mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa na safari yake ya Kariakoo. Na kijana wa chumba cha mwisho, mpaka leo sijui alifuata nini. Mimi niliyevunjika nikaombwa nikunje mguu wenzangu wapate pa kukaa.

Lakini king'ora kilipolia! Kilwa Road imefunga, sisi tumo kwenye njia ya mwendokasi tunateleza. Daladala zote za Mbagala zilizowahi kunisimamisha mlango mmoja maisha yangu yote, siku ile nilizipita. Mzee mmoja dirishani akavua kofia yake, akaishika kifuani. Nikampungia mkono kumtoa wasiwasi, ni kifundo tu. Akashtuka, akafunga kioo.

Tumefika. Sijashushwa hata machela, dereva kashatoa karatasi. Gari, sawa. Nesi msindikizaji, sawa, ingawa alisinzia kuanzia Mtoni Mtongani. Oksijeni.

"Oksijeni? Mimi sikuvuta."

"Mtungi ulikuwemo."

Kwa hiyo nimelipia kukaa nao karibu. Nikashuka mstari wa chini. Kilomita, kwenda na kurudi.

"Ndugu yangu, mimi sirudi. Nimekuja kulazwa."

"Gari linarudi."

"Si linarudi tupu?"

"Ndiyo maana unalilipia wewe, mzee."

Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo nalitafuta. Na wala halikurudi tupu! Kijana wa chumba cha mwisho alirudi nalo, kajilaza kwenye kitanda changu nilichokilipia. Aliniambia mwenyewe, anasifia godoro.

Ndani huko dada wa dirishani akaniomba kadi ya bima. Sasa jirani, unakumbuka tulikaa kwenye benchi hili hili mwaka 2023, redio ikatangaza Bunge limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tulishangilia, nikanunua soda za watu kwa mkopo. Mimi nikajua kazi imeisha. Kwa Wote, na mimi ni wote, kuna mtu wa kunitoa? Nikamwambia dada, sheria si ilishapita.

"Sheria ilipita, baba. Wewe ulipita wapi kujiandikisha?"

Watumishi wa serikali wenzetu wanakatwa asilimia 3 juu kwa juu, mwajiri anaongeza zake 3, mtu anakuwa na kadi hata kama hataki. Mimi nauza chaja na kava za simu, wa kunikata mimi nani? Wananikata mgambo tu, na wao hawatoi kadi.

Nikatoa pesa mkononi. Hawapokei. Lazima kontroo namba. Tarakimu 12, zinaanza na 99. Na simu yangu kitufe cha 9 kimekufa tangu mwaka juzi! Muuza vifaa vya simu mzima. Namba zote za nchi hii zingeanza na 4 ningekuwa mtu wa maana sana. Shemeji akachukua ile namba akalipia eksirei kwenye simu yake, akacheka kidogo, akasema tusihesabiane. Tangu siku hiyo kila akinisalimia anaitaja eksirei. Shikamoo haipo tena.

Lilipokuja deni la hogo na kitanda, Mama Chau akasikia kuna ofisi ya ustawi wa jamii, wasio na uwezo wanasamehewa. Nikaburuzwa kwa kiti cha magurudumu, gurudumu moja linakataa kona, tukaingia kwa watu kinyumenyume. Mama wa pale mpole kweli. Akafungua daftari akaanza kunitafutia nafasi.

"Mjamzito, hapana." Lakini aliniangalia kwanza. "Chini ya miaka mitano, hapana. Una barua ya serikali ya mtaa kwamba hujiwezi?"

Nikasema mwenyekiti wetu wa mtaa ananidai kava. Akaguna.

"Una miaka mingapi, baba?"

"58."

"Aa! Ungekuwa na 60 tungekuangalia kwenye wazee. Rudi ukifikisha."

"Mama, miaka miwili? Mguu si utakuwa umeshapona?"

"Sasa ukishapona, msamaha wa nini?"

Nikamwomba basi aniandike jina kabisa kwenye foleni.