Sitara ya Afande

Raia wa Jamhuri hii aliyepigwa na askari hakunyimwa, alhamdulillahi, njia ya kushitaki. Kwani akiwa, tuseme, ni muuza mkaa wa hapa Samburu, kandokando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, analotakiwa ni kujikongoja hadi kituoni, amsabahi kwa taadhima afande aliyeketi nyuma ya kaunta, kisha amsihi aandike katika OB, yaani daftari la matukio la kituo, kwamba aliyemvunja taya ni sahibu yake yule anywaye chai pale dirishani. Akijaaliwa nambari, atapewa na fomu ya P3, ambayo daktari ataijaza, naye majeruhi atairejesha, kwa mikono yake miwili, palepale ilipotoka.

Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2011 iliunda IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, nayo ina ofisi Mombasa, nauli juu yako. Na kifungu cha 35 cha Katiba kimempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Huko Chicago, tangu mahakama ilipoamua mwaka 2014 kuwa mafaili ya malalamiko dhidi ya askari si siri ya serikali, mtu yeyote aweza kulitafuta jina la askari akasoma ameshitakiwa mara ngapi. Ni utovu wa haya ulioje! Sisi twasitiriana: askari akilalamikiwa mno, huenda akapewa uhamisho, na watu wa Msambweni, wasioarifiwa lolote, wakamlaki kwa madafu.