Zulia Jeupe la Njiro

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi sakafu ya vigae huuma nyayo kwelikweli. Hapo ndipo mwenye nyumba wa Njiro hukumbuka zulia. Anashuka mjini, anapapasa yote dukani, kisha anachagua jeupe la manyoya marefu.

Jeupe! Tena chini ya Mlima Meru, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910 lakini majivu yake ya kale ndiyo udongo wa wilaya nzima: kiangazi vumbi, masika tope. Muuzaji alimwonyesha la nyuzi fupi, rangi ya kahawia, la kukung'utwa uani likarudi ndani. Mwenye nyumba akasema lina ushamba.

Vipimo navyo ni kichekesho. Sebule ya makochi ya watu saba imeletewa zulia la futi 5 kwa 8, likaelea katikati kama leso iliyodondoka. Wapambaji husema walau miguu ya mbele ya kochi ikanyage zulia. Mwenye nyumba aliitikia kwa adabu; bei ikaamua.

Kuvua viatu mlangoni ni desturi, hakuna ugomvi. Sasa hata soksi zinakaguliwa. Shangazi akifika kutoka Ngaramtoni, zulia linakunjwa mbio, naye anakalishwa nyayo kwenye vigae vilevile vya baridi.

“Karibu sana shangazi, jisikie uko nyumbani.”

“Asante mwanangu. Kwangu kuna mkeka.”