Jinsi ya Kumsaidia Asiyeona Mpaka Akukimbie

Mwongozo huu ni wetu sisi wenye macho mazima, hasa wakazi wa Mpitimbi na vijiji jirani vya Songea Vijijini, ambao kila siku tunakutana na mtu asiyeona na kila siku tunajitolea kumharibia safari. Wengi wetu tunaifanya kazi hii kwa kipaji tu, bila mafunzo yoyote. Umefika wakati ifanywe kitaalamu.

Anza na salamu. Asiyeona akipita, usijitaje jina. Mkamate mkono ghafla, ung'ang'anie, kisha useme, "Shikamoo babu! Haya, mimi nani?" Babu ataitikia marahaba, halafu atanyamaza. Usimwonee huruma, hapo ndipo penye utamu. Akitaja jina la mwingine, cheka mpaka wa ng'ambo ya barabara wasikie, kisha umpe nafasi ya pili. Kijana aliyerudi likizo kutoka Dar es Salaam, aliyeondoka hajabalehe na sasa ana ndevu na sauti nzito, ndiye mwenye haki kuliko wote ya kutambuliwa kwa kukohoa. Babu akijibu, "Wewe ni mmoja wa wakorofi wa kijiji hiki," hesabu kwamba amepata. Mchezo ukiisha, ondoka kimyakimya bila kuaga. Mwache aendelee kukueleza bei ya mahindi peke yake, ili wapita njia waongeze ugonjwa mwingine kwenye orodha yake.

Kuongoza ni fani inayohitaji watu wengi. Wanaofundisha kazi hii husema asiyeona ndiye anayekushika wewe, juu kidogo ya kiwiko, akiwa nusu hatua nyuma yako, ili mwili wako umjulishe penye kupanda na penye kushuka. Huo ni uvivu. Sisi tunamshika yeye: mmoja mkono, mwingine bega, wa tatu anavuta ncha ya fimbo kama anayekokota mbuzi kwenda mnadani, na wa nne, aliye mbali kabisa, anapiga kelele, "Kulia! Siyo kulia kwako, kulia kwangu!" Ukiwa na haraka, mwelekeze kwa mdomo: "Nenda mpaka paleee, utaona mwembe, ukiuona kata kule." Nyoosha na kidole. Mtaro ulio mbele yake usiutaje mpaka mguu uwe umeshaingia, hapo ndipo useme pole.

Kuhusu fimbo, tarehe 15 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Fimbo Nyeupe. Tuvae fulana, tusikilize hotuba, tupige makofi. Tarehe 16 tuegeshe bodaboda kwenye kichochoro anachopita kwenda dukani na tuanike mahindi katikati ya njia. Ukweli ni kwamba fimbo ile nyeupe hupendelea njia za saruji. Kwetu wakati wa kifuku tope jekundu huimeza ncha, ndiyo maana wazee wengi hawaachani na fimbo yao ya mti. Tope ni la Mungu. Lakini yale mashimo tunayochimba kutoa udongo wa matofali, tukaujenga ukuta na kuyaacha wazi pembeni ya njia, hayo ni jasho letu na tusiruhusu mtu mwingine asifiwe kwa ajili yake.

Tuingie ndani. Nyumba ya asiyeona imepangwa kichwani mwake. Anajua ndoo ilipo, kigoda kilipo, kopo la chumvi ni la pili kutoka ukutani na la kwanza ni la sukari. Kazi yako ni usafi: panga upya kila kitu kila Jumamosi. Milango iache nusu. Mlango uliofungwa hujulikana kwa mkono, ulio wazi hupitika, ila ule wa nusu humngoja mtu kwa ubavu wake na kumpiga katikati ya paji la uso.

Jikoni ndipo msaada wetu unapong'aa. Mtazame bibi asiyeona anavyosonga ugali. Maji yakianza kuimba anasikia, yakichemka sawasawa anasikia pia, kwa sababu sauti hubadilika. Anapitisha kiganja juu ya sufuria, mbali kidogo, kupima mvuke. Unga anaumimina kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukisikiliza mwiko: ugali ukiwa mwepesi mwiko unagonga pembeni, ukikaza unanyamaza na kuanza kuwa mzito. Hajaungua, na wala hajawahi kutoa ugali mbichi. Hapo ndipo unapoingia mbio na kumnyang'anya mwiko: "Bibi, utaungua!" Mkalishe kwenye mkeka. Kesho mkalishe tena. Kwenye palizi usimchukue, kwenye kupukuchua mahindi usimchukue, ingawa kupukuchua ni kazi ambayo hata sisi tunaifanya gizani tukipiga soga. Baada ya mwaka mmoja wa kukalishwa, waambie wageni kwa huzuni, "Mnaona? Hana analoweza."

Wageni nao wafundishwe. Swali la asiyeona huulizwa mjukuu: "Bibi anatumia sukari?" Kama lazima umsemeshe mwenyewe, paza sauti. Mtu ambaye macho yake hayafanyi kazi bila shaka masikio nayo yana mashaka.

Upande wa fedha tuna bahati mbaya kidogo, kwani noti zetu zinazidiana urefu: ya elfu moja ni fupi kuliko ya elfu mbili, hivyo hivyo mpaka ya elfu kumi. Mzoefu huzipima kwa vidole na huzikunja kila moja kwa namna yake. Mrudishie chenji ya noti zilizochakaa hadi zimekatika pembe, zote zimekunjwa pamoja. Akisimama nje ya duka kusubiri chenji yake, mpita njia mwema amtie mkononi sarafu ya mia mbili na kumwombea. Kwa wakala wa fedha za simu, mwambie ataje namba ya siri kwa sauti ili umsaidie kubonyeza. Siri inayojulikana na watu sita kwenye foleni inalindwa na watu sita.

Jambo moja lifichwe kwa nguvu zote. Simu nyingi za Android zina programu iitwayo TalkBack, imo ndani tayari, haina malipo, husoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo, na Kiswahili inakijua. Babu akiipata atajisomea mwenyewe ujumbe wa ruzuku ya mbolea, na atajua ni mifuko mingapi iliandikwa kwa jina lake. Kuna watu hawatalala.

Halmashauri nazo zimetuwekea jaribu. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo, asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Dawa yake ni rahisi: tangazo la mkopo wa wenye ulemavu lichapwe kwa herufi ndogo na kubandikwa ukutani ofisini. Asiyeliona ni uzembe wake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo, na imeandikwa vizuri sana.

Akizaliwa mtoto asiyeona, mfiche. Shule zipo, ile ya Buigiri kule Dodoma inafundisha wasioona tangu 1950, lakini Dodoma ni mbali na majirani watasema umemtupa mtoto. Isitoshe, huko watamfundisha nukta nundu, yaani nukta sita tu, zikipangwa huku na huku zinatoa alfabeti nzima, hesabu na hata muziki. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, aliuchapisha mfumo huo 1829, na shule yake mwenyewe ya Paris ikaukubali rasmi 1854, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Wenye macho wa Paris walitutangulia, tusiwaangushe.

Na kwa wale ambao bado wanaona kidogo, tuwamalizie. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa yenye usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Minyoo yake huwasha ngozi kwanza, kisha huenda machoni. Kinga ni vidonge vya Mectizan, ambavyo kampuni ya Merck iliahidi kuvitoa bure tangu 1987. Mgawaji anakupima urefu kwa kijiti, anakuhesabia vidonge, unameza mbele yake. Ficha chini ya ulimi, kateme nyuma ya nyumba. Jirani akimeza akawashwa, tangaza kuwa dawa ina sumu. Usiseme kwamba vinavyowasha ni vijiminyoo vinavyokufa. Na kwa kuwa dawa haiui minyoo mikubwa, ambayo huishi miaka mingi, ukikosa kumeza kila mwaka unaipa nafasi ya kuzaa upya.

Mtoto wa jicho yeye hutibika kwa upasuaji mfupi: lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia. Kwa hiyo chelewesha. Sema ni uzee. Sema lazima likomae kwanza. Kamulia maji ya majani jichoni mpaka kioo cha jicho kipate kidonda, na ikibidi mtafute shangazi wa kumsingizia uchawi. Presha ya macho haihitaji hata juhudi hizo, maana haiumi, inakula pembeni kwanza, na ilichokula hakirudi. Hospitali ya Mtakatifu Yosefu Peramiho na ya rufaa ya mkoa mjini Songea ziko karibu mno kwa mpango huu, basi usiulizie siku za kliniki ya macho. Shirika la Afya Duniani linasema watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na angalau bilioni 1 kati yao tatizo lao lingezuilika au bado halijapatiwa tiba. Bilioni hiyo haikujileta, watu wameihangaikia.

Onyo la mwisho. Wapo wachache wanaotuharibia kazi. Wakikutana na asiyeona wanataja jina lao kwanza, wanauliza anaelekea wapi, wanatoa kiwiko, na wakijibiwa, "Asante mwanangu, njia naijua," wanaaga na kwenda zao. Ukimwona mtu wa namna hiyo Mpitimbi, mripoti kwa mwenyekiti wa kijiji.