Udhaifu Wako ni Upi?

Kuna jibu limezunguka nchi nzima na sasa limetufikia hapa Keza, wilayani Ngara, na kila nikilisikia nasonya. Kijana anaulizwa kwenye usaili, "Udhaifu wako ni upi?" Naye anajibu kifua mbele: "Udhaifu wangu ni kwamba napenda sana kazi, nikianza siwezi kupumzika." Nani kakufundisha, mdogo wangu? Anasema kaona kwenye simu, kwenye zile video za maswali ya usaili na majibu yake. Jamani, hao wa kwenye jopo nao wana simu. Jibu hilo wamelisikia tangu asubuhi. Wewe unayeingia saa nane mchana na maneno yaleyale, wakukumbuke kwa lipi?

Na mnajua kufika mbele ya lile jopo si mchezo. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, walioomba wakawa 135,027. Gawanyeni wenyewe: nafasi moja, watu zaidi ya themanini. Wakubwa wenzangu mnaikumbuka Juni 2014, pale Uwanja wa Taifa Dar es Salaam, vijana zaidi ya 10,000 wamejaa majukwaani kugombea nafasi 70 za Uhamiaji. Kwa hiyo mtoto wetu akitoka hapa, akaomba kwenye tovuti ya ajira, akavuka mtihani wa mchujo, akalipa nauli, akalala kwa shangazi mjini, akaitwa kwenye mahojiano, huyo kapita kwenye tundu la sindano. Halafu dakika chache anazopewa anazitumia kukariri maneno ya mtu asiyemjua! Inaniuma, nasema kweli.

Maswali ya usaili mnayaita ya mtego. Mimi nimeyasikiliza kwa wengi waliokwenda na kurudi, na naona mengi hayana mtego wowote. Yanauliza jambo moja tu: umewahi kufanya nini, na ulifanyaje? Shida ni kwamba watoto wetu wamefanya mengi, ila kwa kuwa hawakulipwa mshahara, hawayahesabu.

Kuna binti wa huku aliulizwa, "Umewahi kusimamia fedha za watu?" Akajibu, "Hapana." Hapana! Binti huyohuyo ni mtunza kumbukumbu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, halifunguliwi mpaka wote wafike. Siku moja walihesabu fedha mbele ya wanakikundi, zikapungua shilingi elfu mbili kuliko daftari. Minong'ono ikaanza, mama mmoja akaanza kumtazama mhazini kwa jicho baya. Binti hakugombana na mtu. Akaomba vitabu vyote vya wanachama, akapitia ukurasa kwa ukurasa, akahesabu mihuri ya hisa mmoja mmoja, mpaka akakuta kitabu kimoja kimegongwa muhuri wa ziada. Hisa moja kwao ni elfu mbili. Wakaufuta mbele ya kikundi, mwenye kitabu akatia saini, mhazini akapumua.

Sasa niambieni, jopo gani halitaki kusikia hayo? Mle ndani kuna fedha, kuna mgogoro, kuna ushirikiano, kuna uaminifu. Wakiuliza "tueleze siku uliyokutana na tatizo ukalitatua", jibu ndilo hilo. Hata lile la udhaifu, jibu lilikuwa hapohapo: "Nilikuwa mzito kumkatalia mtu ninayemfahamu. Ndugu akija kutaka mkopo wakati hajamaliza wa kwanza, nilikuwa naona aibu. Siku hizi namfungulia katiba ya kikundi, tunasoma pamoja." Huo ni udhaifu wa mtu anayejijua, tena anaonyesha anavyoushughulikia. Sharti usiwe ule unaobomoa kazi yenyewe, maana mtu anaomba uhasibu halafu anasema hesabu zinamchanganya, hapo hata mimi ningemnyima.

Kuna na swali lile linalowakaba koo wahitimu wetu: "Umemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, ulikuwa wapi?" Wengine wanatunga kwamba walikuwa wanajitolea kwenye ofisi fulani. Usitunge. Jopo likiuliza jina la msimamizi wako unaanza kutoa jasho. Sema ulikuwa nyumbani, ulilima maharage na kahawa, ulisaidia kupima kahawa kwenye chama cha msingi, ulifundisha watoto wa jirani hisabati wakati wa likizo. Sema ulichojifunza kwenye mizani ile. Kukosa ajira kwa nchi yenye foleni kama hiyo niliyotaja si kosa la mtoto, na hakuna sababu ya kuinamisha kichwa.

"Unajua nini kuhusu taasisi yetu?" Hapa nasonya mara mbili. Tangu Januari 2021, Serikali iliposaini mkataba wa nikeli ya Kabanga na kampuni ya Tembo Nickel ikaundwa, vijana wa wilaya hii wanaota mgodi. Vizuri. Lakini muulize anayeota: mle mna madini gani? Ananyamaza. Nikeli, shaba na kobalti. Serikali ina hisa kiasi gani? Asilimia 16. Kiwanda cha kusafishia kilipangwa kujengwa wapi? Kahama, pale ulipokuwa mgodi wa Buzwagi. Nikeli inatakiwa ya nini? Pamoja na mengine, betri za magari ya umeme. Mambo ya Ngara hii hii, mtu wa Ngara anajibu "ni kampuni kubwa na nzuri". Iwe mgodi, iwe halmashauri, iwe shirika la misaada, usiku mmoja wa kusoma unatosha kumtofautisha mtu na wenzake.

Sasa nije kwenye swali ambalo mtu wa Songea au Moshi si rahisi kuulizwa, lakini sisi tunaulizwa. Mwenyekiti wa jopo anasoma jina lako taratibu, anainua macho: "Jina hili… wewe ni wa upande gani?" Kimya kinaingia chumbani. Ni kweli Burundi iko pale na Rwanda iko ng'ambo ya Rusumo. Kihangaza na Kishubi vinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo wakaja kujaa kambi ya Benaco. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa walioishi bila vibali, hapa Kagera na mikoa ya jirani. Haya yote yanakaa kichwani mwa anayeuliza, na yanakaa kichwani mwa anayeulizwa pia. Ndiyo maana wengine wanajibu kwa hasira, wengine sauti inatetemeka, na zote mbili zinawaponza.

Mimi nawaambia hivi. Uraia ni swali halali, hasa kwenye kazi ya umma. Lijibu kwa sentensi moja: "Mimi ni Mtanzania, nimezaliwa na kusoma Ngara, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa ni hivi hapa." Halafu nyamaza. Usianze kumtaja babu alikotokea wala kueleza mipaka ilivyochorwa, hukuulizwa hayo. Na kabla hujaondoka nyumbani hakikisha jina ni lilelile kwenye kila karatasi. Huku karani mmoja anaandika kwa R, mwingine kwa L, cheti cha kidato cha nne kinasema hivi na kitambulisho kinasema vile, na mtu anarudishwa mlangoni na ufaulu wake mkononi. Hati ya kisheria ya kuoanisha majina inatafutwa mapema, haitafutwi asubuhi ya usaili. Tena ukipata nafasi, igeuze ile lugha iwe mtaji: Rusumo na Kabanga kuna vituo vya pamoja vya mpakani, madereva na wafanyabiashara wa pande zote wanapita. Anayeweza kuwasikiliza kwa lugha yao ni faida kwa mwajiri, na ni haki yako kusema hivyo bila woga.

Akiuliza kabila au dini, hapo ni jambo jingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua mtu kwa kabila, mahali anakotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu na mengineyo. Na watu wengi hawajui kwamba kifungu hichohicho kinamlinda hata anayeomba kazi, siyo aliyekwisha ajiriwa tu.

Kwa hiyo dada zangu, mnapoulizwa "umeolewa?" au "unatarajia kuzaa lini?", jueni aliyeuliza ndiye aliyevuka mstari. Jibu ninalolipenda ni la dada mmoja aliyesema kwa upole, "Kama mnataka kujua kuhusu safari za vijijini na muda wa kazi, nimejipanga, hata siku za mnada niko tayari kutoka alfajiri." Hakumsomea mtu kifungu wala hakutoa habari za nyumba yake. Alilirudisha swali kwenye kazi. Nampa heko. Ila nawaambia na nyie mnaokaa kwenye majopo, maana wengine mnapita hapa kijiweni na tunasalimiana: acheni. Swali lisilopima uwezo linampima nani?

La mshahara nalipitia haraka. Kazi ya serikali ina ngazi zake, hakuna kubishana. Kima cha chini cha umma kilipanda hadi shilingi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Kwa sekta binafsi, piga hesabu ya chumba, chakula na usafiri wa huko unakokwenda, ulizia wenzako wa kazi hiyo wanalipwaje, taja kiwango, usiseme "chochote mtakachonipa". Anayesema chochote hupewa hichohicho.

Mwishoni watakuuliza, "Una swali lolote?" Vijana wetu wanasema hapana, wanashukuru, wanakimbilia mlango. Uliza! Uliza kituo cha kazi ni wapi, muda wa majaribio ni miezi mingapi, utakuwa chini ya nani. Na uliza aliyekuwa akifanya kazi hiyo kabla yako amekwenda wapi. Ukiona wanatazamana, subiri jibu mpaka lije.