Dele la Kahawa Mikononi mwa Afande

Arusi ikikaribia mjini Wete, dari hupandwa mapema. Huteremshwa dele la kahawa, chetezo, mrashi na kinu kidogo cha kutwangia hiliki, vyote vya shaba, vyote vimeshapigwa na hewa ya bahari na moshi wa jikoni hata rangi yake haijulikani. Kuving'arisha ni kazi ya kina mama, kwa ukwaju, majivu na kumbi la nazi. Humalizika kabla ya adhuhuri, wala haiitishiwi kikao.

Safari hii kikao kiliitishwa, kwa kuwa Mjomba alikuwa amestaafu jeshi na hana pa kupeleka amri zake.

Hoja yake ilikuwa na mantiki. Ganda la risasi ya bunduki, alisema, ni shaba ya manjano: katika kila sehemu 100, sehemu 70 ni shaba nyekundu na 30 ni zinki. Walenga shabaha wa Ulaya na Marekani hawatupi maganda yaliyokwisha kufyatuliwa. Huyasafisha, huyapasha moto shingoni, huyarudishia umbo, kisha huyajaza upya, na ganda moja huweza kurudi kazini mara kadhaa. "Shaba ni shaba," alihitimisha. "Tofauti ni kwamba dele hili linatoa kahawa."

"Haya, Afande," akajibu Bibi, na kumsogezea beseni.

Walenga shabaha wengi huosha maganda yao kwa maji yenye asidi ya ndimu kidogo, kwa dakika chache tu, kisha huyasuuza. Ukwaju wa kina mama nao una asidi yake, ndiyo maana huondoa weusi. Mjomba alikubali asidi, akakataa dakika chache. Alikamua ndimu kapu zima, akatia chumvi, akazamisha chetezo usiku kucha.

Asidi ikipewa muda huanza na zinki. Huinyofoa na kuiacha shaba nyekundu peke yake juu ya uso wa chombo. Alfajiri chetezo kilitoka kwenye beseni kikiwa na wekundu wa waridi.

"Tulikuwa na bibi arusi mmoja wa kutiwa hina," Bibi akasema. "Sasa wawili."

Mjomba hakurudi nyuma. Alinunua dukani chupa ya dawa ya kung'arishia, ile inayozibua pua kabla kifuniko hakijafunguka vizuri. Alisugua kila kitu hadi kikameta. Nyumba ilikuwa imejaa wageni kutoka Unguja, kila kona ina mkoba na mtoto aliyelala, kwa hiyo vyombo vilivyokwisha kung'aa vikapelekwa pahali pekee palipokuwa na nafasi: banda la mbuzi.

Jioni, barazani, alimsimulia jirani yake, mwalimu mstaafu wa kemia. Maalim aliweka kikombe chini.

"Banda la mbuzi, Afande? Wewe hukusikia yaliyowapata Waingereza India?"

Yaliyowapata ni haya. Walihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi, na kila msimu wa mvua maganda yakawa yanapasuka yenyewe bila kuguswa. Mwaka 1921 watafiti wa Uingereza walieleza sababu: amonia ya mkojo wa farasi, ikichanganyika na unyevunyevu, hupenya katika shaba iliyokandamizwa kwa nguvu kiwandani na kuipasua. Dawa nyingi za kung'arishia shaba zina amonia hiyohiyo, ndiyo maana wajazaji wa risasi huonywa wasizitumie kwenye maganda. Dele la Bibi, basi, lilikuwa limepakwa amonia na kulazwa kwenye amonia.

Nyufa za aina hiyo hazitokei kwa usiku mmoja. Maalim alikuwa anakuja kwenye sehemu hiyo, lakini Mjomba alikuwa ameshafika bandani na tochi. Vyombo vyote aliviokoa. Mlango hakuufunga. Mbuzi walitoka kwa utaratibu, wakaingia uani, wakakuta sinia la vikuba vya asumini na mrehani vya bibi arusi. Walikula vyote, wakaacha nyuzi.

Katika mbiombio hizo dele lilianguka na kubonyea ubavuni. Hapo Mjomba alichangamka, maana jambo hili alilijua kwelikweli. Shaba ikigongwa ikiwa baridi huzidi kuwa ngumu, na mwisho hupasuka. Ndiyo sababu shingo za maganda hupashwa moto baada ya kufyatuliwa mara kadhaa, zipate kulainika. Tena, tofauti na panga la chuma, shaba haigeuki ngumu kwa kuzamishwa majini ikiwa ya moto. Yote hayo ni kweli. Alichochea makaa, akaliweka dele juu yake, akasubiri.

Shaba huhitaji kupita nyuzi 350 za Selsiasi ndipo ilainike. Ganda la risasi ni kipande kimoja. Dele, lakini, lina mdomo, na mdomo huo umeungwa kwa lehemu ya bati na madini ya risasi, ambayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Mdomo ulidondoka makaani zamani, ubavu ukiwa mgumu vilevile.

Arusini kahawa ilitoka kwenye chupa za chai za plastiki, zenye picha ya maua. Fundi mmoja wa Chake Chake aliuunga mdomo baadaye, ila umekaa upande kidogo, na kahawa inatokea kushoto kwa anayemiminiwa. Mjomba anasema silaha yoyote ikitoka matengenezoni sharti ilengwe upya, na kila jioni hulilenga. Maalim amehamia benchi la upande wa pili.