Mmenunua Taa, Gemu Mtachezea Nini?

Hivi jamani, nani kawaloga vijana wetu na hizi taa? Pita Kariakoo jua likizama, simama kwenye duka lolote la vifaa vya kompyuta, utazame kabatini. Kibodi zinawaka nyekundu, zambarau, kijani, zinabadilika bila kupumzika, utadhani basi la mikoani linaingia stendi usiku. Pembeni yake ipo mausi, nayo inawaka tumboni, mgongoni na kwenye kigurudumu. Na nje ya kioo kijana kasimama, kaduwaa, mkono uko mfukoni umebana hela aliyoidunduliza kwa jasho. Loo! Ukiona hivyo ujue mtu anaingizwa mjini huku macho kayatoa.

Mwenye hela ndogo akinunua taa, hela ya kununua kitu cha maana haipo tena. Nimelisema hapa kijiweni mpaka muuza kahawa kalikariri. Taa haziongezi shabaha. Hazimfanyi askari wa kwenye gemu akimbie zaidi. Zinakula umeme kidogo na bajeti nyingi, basi. Wahenga walimaliza zamani: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi tunakiona kinajitembeza, kinametameta, tunakifuata.

Yupo kijana wetu wa hapa mtaani, dereva wa bodaboda, mtoto mwenye adabu zake, hapiti bila "shikamoo wazee". Kajinyima, kanunua kompyuta ya mtumba, zile mashine za ofisini zilizomaliza kazi Ulaya. Kaweka Valorant, kwa sababu ni ya bure na haichagui sana kompyuta. Mpaka hapo tulimsifu. Ikabaki kibodi na mausi. Akaenda Kariakoo peke yake, masikini ya Mungu, bila mtu mzima wa kumshika mkono.

Hajavuka hata barabara ya Msimbazi, winga keshamdaka. "Kaka, unatafuta nini? Kibodi za gemu? Njoo nikupeleke kwa bei ya stoo." Wakapita kichochoro, wakapanda ngazi, wakashuka ngazi, wakatokea kwenye duka ambalo angelifikia mwenyewe kwa kuvuka barabara tu. Akapewa seti: kibodi, mausi na kitambaa cha kuwekea mausi, vyote boksi moja, elfu sitini. Humo ndani cha juu cha winga kipo, kimetulia. Na chini ya risiti, yale maneno tunayoyajua wote: mali ikishauzwa hairudishwi. Hakuchomeka, hakushika, hakubonyeza hata kitufe kimoja. Mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe linawaka taa.

Alipolileta tulione, mimi nililisoma boksi. Wameandika kwa Kiingereza, herufi za dhahabu, kwamba kibodi ina hisia ya mekanika. Hisia! Wameona aibu kusema ni ya mekanika, maana siyo, basi wakauza hisia. Yarabi toba. Ndani ya kibodi ya namna ile kuna karatasi tatu nyembamba za plastiki. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme, ya katikati ina matundu, na juu yake limetandazwa zulia la raba lenye vichuguu. Ukibonyeza, kichuguu kinanywea, karatasi ya juu inagusa ya chini kupitia tundu, herufi inatoka. Ni kibodi ileile ya karani wa mapokezi. Wala si dhambi, raba inafanya kazi vizuri tu. Dhambi ni kumtoza mtoto wa watu bei ya swichi halafu ukampa raba.

Nikamwambia, mwanangu, fungua ukurasa mtupu wa kuandikia. Shika W na D, usiachie, kisha gusa R, gusa F, gusa kitufe kirefu cha chini. F ikatoka. R kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu, kimya. Akanitazama. Kisa chenyewe ni kwamba vitufe havina kila kimoja waya wake. Vimepangwa kwenye gridi, safu kwa safu. Ukishika vitatu vilivyo kwenye kona tatu za mstatili mmoja wa gridi hiyo, kona ya nne nayo inaonekana imebonyezwa hata kama hujaigusa. Kibodi ya bei ya chini, kwa kuogopa kusema uongo, inanyamaza. Anayeandika barua ya maombi ya kazi hatajua maisha yake yote. Lakini anayekimbia pembeni huku anajaza risasi, pale ndipo anapofia. Na ndiyo sababu alikuwa akifa kila dakika, anamlaumu adui.

Aa, hebu tuje kwenye mausi, maana huko ndiko kwenye msiba mkubwa.

"Mzee, hii ni DPI 12,000," akaniambia, kifua mbele. Nilisonya mpaka mwenye bao akageuka. DPI ni hatua ambazo mausi inahesabu ukiisogeza inchi moja. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana. Pigeni hesabu wenyewe: kwa 12,000, mshale unatoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa kusogeza mkono milimita 4. Milimita nne! Ukipiga chafya, umeshageukia ukuta. Wachezaji wanaoishi kwa kazi hiyo, wanaolipwa mishahara, wengi wao wanaweka 400 au 800, wachache wanafika 1,600. Sasa namba hii ya maelfu inanunuliwa ya nini? Na kwenye mausi za bei ya chini mara nyingi namba kubwa haitoki hata kwenye jicho lenyewe la chini, ile sensa. Programu inaotea katikati ya hatua na kujaza mapengo ya kubahatisha, kisha boksi linapigwa chapa.

Kinachotakiwa ni jicho hilo lisipoteze njia ukivuta kwa kasi, na mausi itoe taarifa kwa kompyuta haraka. Mausi ya kawaida inatoa taarifa mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Ya gemu iliyo ya kweli inatoa mara 1,000, kila milisekunde 1. Hapo ndipo hela inapostahili kwenda. Ukikutana na anayekuuzia mara 8,000, mpungie mkono upite: seva unayochezea iko ng'ambo, ujumbe unakwenda na kurudi kwa makumi ya milisekunde, siku mbaya kwa mamia, na bando lenyewe tunajuana nalo.

Halafu, jamani, mkono! Hakuna anayeuliza mkono. Kiatu unakijaribu dukani, unatembea nacho hatua mbili tatu. Mausi utaishika kila usiku, na unaikubali ikiwa ndani ya plastiki. Wapo wanaolaza kiganja chote, wapo wanaoshika kwa ncha za vidole, na umbo la mausi linamkubali mmoja na kumkataa mwingine. Kijana wetu ana mikono ya kuendesha pikipiki, vidole virefu. Kauziwa kidude chembamba chenye pembe na vitufe saba, kidole cha mwisho kinaburuta mezani. Na meza! Kaiweka kwenye meza ya kioo ya sebuleni, ile ya mama yake yenye vitambaa vya kufuma. Mausi inasoma njia kwa kupiga picha za uso ulio chini yake. Kwenye kioo kitupu hakuna cha kupiga picha. Mshale ukawa unaruka wenyewe. Kitambaa cha mausi kilichokuja kwenye seti alikuwa hajakifungua, anakionea huruma kitachafuka. Mama yake akadhani mtoto kapatwa na jini.

Wachezaji wa mwaka 1997 hawakuwa na haya mambo. Marekani kijana mmoja, Dennis Fong, wanamwita Thresh, alishinda mashindano ya gemu la Quake akaondoka na Ferrari nyekundu, gari la John Carmack mwenyewe, mmoja wa waliotengeneza gemu hilo. Mausi za wakati ule zilikuwa na kigololi tumboni, unakitoa na kukifuta uchafu kwa kucha. Wachezaji hao ndio walioeneza mtindo wa kukimbia kwa W, A, S na D ambao leo kila mtoto anaujua. Ferrari, kwa kigololi! Na ukirudi nyuma zaidi, mausi ya kwanza ya Douglas Engelbart, mwaka 1964, ilikuwa boksi la mbao lenye kitufe kimoja. Usiniambie basi kwamba umeshindwa mechi kwa sababu kibodi ya rafiki yako inawaka mawimbi na yako inawaka rangi moja.

Wapo na wa upande wa pili, na hao ndio wanaonichosha zaidi: waliosoma sana. Anakwambia yeye bila swichi za mekanika hawezi kucheza, vidole vinakataa. Hana hela ya kodi, lakini ana msimamo kuhusu swichi ya bluu na ya nyekundu. Niseme haki: kibodi ya mekanika ni kitu kizuri. Kila kitufe kina swichi yake na springi yake, na zilizo nyingi hazinyamazi hata ukishika vitufe chungu nzima. Zamani ilikuwa anasa. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ndiyo iliyokuwa na haki ya ule muundo wa swichi zake, tangu miaka ya 1980. Muda wa hataza ulipokwisha, viwanda vya China vikaingia kwa fujo, Gateron, Kailh, Outemu, na bei ikaanguka. Ndiyo maana leo mtu wa kawaida anaweza kuifikiria kibodi kama Redragon K552, yenye vitufe 87, haina zile namba za kulia, na mkono wa mausi unapata nafasi mezani. Kwa aliyenacho, sawa, anunue.

Ila rangi, jamani, chagueni kwa akili! Nyekundu inashuka laini, uzito wa gramu 45 hivi, na herufi inatoka katikati ya safari, milimita 2. Bluu inapiga kelele kwa makusudi, imetengenezwa ilie. Tak, tak, tak. Sasa wewe unaishi chumba na sebule, mlango wa pazia, ukuta mmoja na mwenye nyumba, mtoto mchanga wa dada yako kalala hapo, unanunua bluu ucheze saa nane za usiku? Kuna nyumba hapa nyuma wamegombana kwa hilo mpaka mjumbe kaitwa. Mjumbe wa nyumba kumi kaletwa kuamua kesi ya swichi. Loo, salale.

Ningekuwa na uwezo ningesimama pale Msimbazi na kipaza sauti niseme neno moja: seti msinunue. Vunja seti. Kwenye seti mausi ndiyo inayonyongwa, maana kibodi ndiyo inayoonekana kwenye picha ya boksi. Robo tatu ya hela yako ipeleke kwenye mausi. Jina linalorudi midomoni mwa wengi kwa bei isiyotisha ni Logitech G102, ambayo kwingine huuzwa kwa namba G203: gramu 85, taarifa mara 1,000 kwa sekunde, umbo lisilo na pembe. Nayo ina taa, ee Mola, lakini unaweza kuzizima. Feki zake zipo, kwa hiyo ichomekwe hapohapo dukani. Chukua ya waya. Mausi isiyo na waya ya bei ya kutupwa itakukatikia raundi ya mwisho.

Na kibodi? Nenda kwa mafundi wa kompyuta za mtumba. Zipo kibodi nyeusi za Dell na HP, zilizotumika maofisini, hazina taa, hazina pembe, zimelala pale na vumbi lake. Shika vitufe vyako vitano unavyovitumia, uone vinavyotoka. Vikitoka, lipa, ondoka. Ukikutana na iliyopitia Dubai yenye herufi za Kiarabu pembeni ya za Kirumi, isikutishe, W iko palepale. Na kabla hujatoa hata shilingi, ingia kwenye mipangilio ya mausi ya Windows, uondoe alama kwenye kile kisanduku kinachodai kuboresha usahihi wa mshale. Ndicho kinachobadilisha umbali wa mshale kwa kufuata kasi ya mkono, kiganja hakizoei hata siku moja. Gemu nyingi za sasa zinakiruka, za zamani zinakitii.

Kijana wetu tulimshika mkono safari hii. Ile seti kamuuzia binamu yake anayependa picha za chumba chenye taa, na binamu kafurahi kwelikweli. Kibodi ya Dell kapata kwa fundi wa pale mtaa wa pili, mausi kaichagua mwenyewe, kaifumbata, kaizungusha, kaiburuta kwenye kaunta mpaka muuzaji kakunja uso. Sasa anaua watu Valorant mpaka wanamtukana kwa lugha tusizozijua. Hela kidogo ilibaki, tukajua ataweka akiba, atabadilisha hata tairi la pikipiki. Jana kapita, "shikamoo wazee", kasimamisha, katoa simu anionyeshe picha. Hedifoni. Zina masikio ya paka juu. Na masikio yenyewe, jamani, yanawaka.