Jinsi ya Kuingia Kwenye Ubishi wa Gia na Kutoka na Marafiki Wote

Chagua kwanza pa kukaa. Kijiwe chochote cha madereva Dar es Salaam kina benchi lenye pande mbili. Huku wamekaa waliojifunza udereva kwenye Hiace na Fuso. Kule wamekaa wenye IST, Vitz na Noah zilizoshuka bandarini kutoka Japani zikiwa otomatiki tayari. Kaa katikati, agiza kahawa, usifungue mdomo mpaka wa kwanza aseme kwamba anayeendesha otomatiki ni abiria aliyeshika usukani, na wa pili ajibu kwamba manyuo ni kibarua cha mguu wa kushoto kisicho na malipo. Hizo ni salamu tu. Waache wasalimiane.

Wakinyamaza kuvuta pumzi, tupa swali lako: gari lako linapita wapi, na linabeba nini? Wengi watakereka, maana walikuja kushinda na wewe umewauliza njia. Ng'ang'ania hapo hapo. Anayetoka Mbagala kwenda Posta alfajiri, akitambaa bampa kwa bampa, anakanyaga klachi mpaka goti linaanza kumsemesha kabla hajafika kazini. Huyo mpe otomatiki na msimsumbue. Anayepanda Kitonga na Canter iliyojaa viazi anataka gia aliyoichagua mwenyewe kabla mlima haujaanza, ibaki hapo mpaka yeye aamue vinginevyo. Huyo mwacheni na manyuo yake. Na mwenye Land Cruiser ya mkonga inayolala porini ana sababu nyingine kabisa: pleti ya klachi ikiisha, fundi mwenye jeki, magogo na spana ataishusha giaboksi chini ya mwembe, na jioni gari litakuwa barabarani. Giaboksi ya otomatiki haifunguliwi chini ya mwembe. Ina vijia vya mafuta vyembamba mno, na chembe ya mchanga ndani yake ni msiba.

Itafika zamu ya yule atakayesema otomatiki ni gari la akina mama. Hapa weka kikombe chini, umjibu, kwa sababu maneno haya yamewafanya vijana wengi wanunue gari lisilowafaa na kuwafanya wanawake wengi wachekwe kituoni kwa jambo lisilo na aibu. Mkumbushe kuwa wapo wanawake wanaoendesha malori ya mizigo kwenda Tunduma, na gia zote hizo wanazibadilisha wenyewe. Kisha mpe historia. Kampuni ya General Motors ilitoa giaboksi yake ya Hydra-Matic mwaka 1939, ikafungwa kwenye magari ya Oldsmobile ya toleo la 1940. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, giaboksi hiyo hiyo iliwekwa kwenye kifaru chepesi cha M5, ili dereva aliyefungiwa ndani ya chuma, risasi zikimgonga pande zote, asihangaike na klachi. Mwulize kama askari wale nao walikuwa akina mama. Halafu mwambie jambo lililo kubwa kuliko vita: mtu aliyepoteza mguu wa kushoto anaingia kwenye Vitz ya kawaida, bila kubadilisha hata skrubu moja, na kuendesha kwenda kazini. Chombo kinachompa mtu uwezo wa kujitegemea kinastahili heshima, na kijiwe kizima kinapaswa kuitoa.

Baada ya hapo, kuwa mwadilifu na uwapashe wenye otomatiki pia, kwa sababu wengi wao hawajui wanachokimiliki. Kwenye manyuo, injini na gia hukutana kwa pleti inayobanwa na presha pleti. Ukikanyaga klachi unaziachanisha. Kwenye otomatiki ya kawaida, katikati kuna mafuta. Asili ya mpango huo ni Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepata hataza yake mwaka 1905 alipokuwa akitafuta namna ya kuunganisha mashine ya meli inayozunguka kwa kasi na rafadha inayotakiwa kuzunguka polepole. Upande mmoja unayasukuma mafuta, mafuta yanausukuma upande wa pili, gari linaondoka. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayobana klachi ndogo ndogo zilizomo ndani, yanalainisha na kupoza. Kwa hiyo mwenye otomatiki anayekumbuka oili ya injini na kuyasahau mafuta ya giaboksi amesahau mfupa wa mgongo wa gari lake.

Mfundishe kununua. Dukani asiseme tu nipe mafuta ya giaboksi, wala asikubali kupewa yale mekundu kwa sababu jirani naye aliwekewa mekundu. Toyota nyingi za zamani hutumia T-IV, za baadaye WS, na zenye CVT zina mafuta yake mengine. CVT za Nissan huandikiwa NS-2 au NS-3. Magari mawili yenye jina moja na rangi moja yanaweza kuwa na giaboksi tofauti, basi asome kitabu cha gari, au stiki ya kupimia kama ipo, kabla ya kumsikiliza muuzaji. Kwenye CVT hakuna ngazi za gia. Kuna mkanda unaopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Waholanzi wa DAF waliionyesha dunia mwaka 1958 kwenye gari dogo la DAF 600, kwa mikanda ya mpira. Siku hizi mkanda huwa wa chuma, na kinachouzuia usiteleze ni mafuta yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Weka yasiyo yake, mkanda utaanza kujisaga, na fundi atakutajia bei utakayoisikia ukiwa umekaa.

Kuna kitufe kidogo kwenye mkono wa gia wa Toyota nyingi, na kwenye dashibodi kuna taa yake imeandikwa O/D OFF. Waulize wenye otomatiki kazi yake. Mmoja atasema ni ya kuongeza nguvu, mwingine atasema aliikuta inawaka tangu anunue gari na hajawahi kuigusa, ndiyo maana analalamika kuwa gari lake linakula mafuta. Hapa usimcheke mtu, fundisha. Taa ikiwaka, gia ya juu kabisa imefungiwa. Injini inazunguka zaidi na mafuta yanaenda zaidi. Kwenye barabara tambarare taa izimwe. Kwenye mteremko iwashwe, na mteremko ukizidi, mkono wa gia ushushwe kwenye 2, hata L, ili injini ilishikilie gari. Kwenye gari la haibridi, tafuta B. Watu wanashuka Kitonga na Sekenke wakiwa kwenye D, mguu juu ya breki kuanzia juu mpaka chini, wanafika wananuka moshi, kisha wanasema otomatiki haina breki ya injini. Inayo. Iliombwa lini?

Pande zote mbili zina dhambi moja ya pamoja, na hii usiiache hata kama kahawa imepoa: kuweka frii mtelemkoni ili kubana mafuta. Kenya, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, sehemu ya Salgaa na Sachangwan ilipata jina baya kwa ajali za malori, na mtindo huo wa kuachia lori lijiendee ulitajwa tena na tena. Breki zikipata moto zinalegea, na lori lililo kwenye frii halina kitu kingine cha kulishika. Tena hesabu yenyewe ni ya uongo. Kwenye injini za kisasa zinazotumia nozeli za kielektroniki, gari likiteremka ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa. Likiwa frii, injini inahitaji mafuta ili isizimike. Anayeweka frii anatumia zaidi na anajiweka hatarini zaidi. Sema hili kwa sauti. Kama kuna utingo karibu, mwite naye asikie.

Kwa wenye manyuo onyo ni fupi: mguu usilale juu ya klachi, maana beringi yake inasagika kimya kimya; na mlimani kwenye foleni vuta hendibreki, usilining'inize gari kwa klachi nusu.

Ukiulizwa kijana anayeanza ajifunzie nini, jibu bila kuyumba: manyuo, kisha otomatiki, jioni ile ile akipenda. Uingereza, aliyefanyia mtihani kwenye otomatiki hupewa leseni isiyomruhusu kugusa manyuo, na Kenya nayo ina daraja la leseni la magari mepesi ya otomatiki. Lakini sababu yangu kubwa ni usiku ambao mgonjwa anatakiwa kupelekwa hospitali na gari pekee lililopo mtaani ni pikapu ya jirani yenye klachi.

Sasa wenye manyuo watatoa karata waliyoificha tangu asubuhi: betri ikifa, vijana wanasukuma, unaachia klachi, gari linawaka. Wakubalie, ni kweli na ni jambo zuri. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, kwa kuwa pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini, na bila msukumo wa mafuta hakuna gia inayoshika. Mwenye otomatiki anunue waya za kuboosti, azilaze kwenye buti. Na kwa sababu hiyo hiyo, gari lake likifa barabarani, asikubali livutwe kwa kamba umbali mrefu magurudumu yanayopokea nguvu ya injini yakiwa chini. Yatazungusha vyuma vya giaboksi visivyofikiwa na mafuta, na gari lililozimika kwa tatizo la elfu hamsini litafika gereji na tatizo la milioni. Kijana akija na kamba na kuinama mbele ya bampa, mshike mkono kabla hajafunga fundo. Mwambie ni otomatiki, linavuta kwa magurudumu ya mbele, na hayo ndiyo ya kunyanyua.